Risasi ya Simba na Risasi ya Ndovu

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, ili kuwinda wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya wenzo. Wenzo huo ni chuma kilicho chini ya mkono. Ukisukumwa mbele hutoa ganda tupu, ukirudishwa huingiza risasi mpya. Hivyo mwindaji aweza kupiga tena upesi.

Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 19 hivi. Kwa simba ilifaa sana, na Roosevelt aliisifu. Maana ncha yake laini hutanuka nyamani, na mnyama huanguka upesi.

Lakini ndovu si simba. Ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene, na risasi nyepesi itanukayo huweza kuishia njiani. Kwa hiyo Roosevelt alikuwa na bunduki nyingine ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Uingereza, yenye risasi ya gramu 31 hivi. Mnyama aliyejeruhiwa tu huteseka, naye huweza kuwarukia wafuata nyayo wasio na silaha. Basi ushujaa wa mwindaji hauponyi kosa la risasi isiyofaa.

Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977.

Maswali
1. Wenzo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini risasi iliyomfaa simba haikumfaa ndovu?
3. Ni nani huhatarishwa na kosa la mwindaji?