Printa Inapokataa Amri: Ruhusa za Vifaa katika Linux

Yamkini printa ni nzima, waya umeunganishwa na karatasi zimo, lakini programu inayoiandikia moja kwa moja hujibiwa kwamba haina ruhusa. Hapo kosa si la mashine. Katika Linux, mfumo uliotolewa mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix, kifaa huonekana kama faili. Printa ya USB kwa kawaida ni /dev/usb/lp0. Amri ls -l huonyesha crw-rw----. Herufi c ni alama ya aina ya kifaa. Rw ya kwanza ni haki ya mwenyewe, root. Ya pili ni ya kundi lp. Watu wengine hawana chochote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2: basi 660.

Wengi hukimbilia chmod 666. Nafuu yake haidumu: printa ikizimwa na kuwashwa, faili huundwa upya na ruhusa za awali hurudi. Inayofaa ni sudo usermod -aG lp, ikifuatwa na jina la mtumiaji. Herufi a isisahauliwe! Bila hiyo, mtumiaji huondolewa katika makundi yake mengine ya ziada, pengine hata lile linalompa haki ya kutumia sudo. Kisha atoke na kuingia upya, maana makundi husomwa wakati wa kuingia.