Kabla Kijana Hajashika Panga: Mafunzo Niliyopata Kisauni

Nimefundisha kandanda vijana wa Kisauni, hapa Mombasa, kwa miaka mingi. Baadhi yao leo ni walimu, mafundi na madereva wa matatu. Baadhi tumewazika, na wachache wako gereza la Shimo la Tewa. Habari za vijana wa mapanga huandikwa baada ya tukio, duka likishavamiwa na wapita njia wakishakatwa. Mimi niliwajua vijana hao mapema zaidi, wakiwa bado wanagombania jezi, na ninaamini wengi wangeokolewa kipindi hicho.

1. Silaha ya kwanza hubebwa kwa woga

Winga wangu mmoja, kijana wa miaka kama 15, alianza kuchelewa mazoezini. Kwao hadi uwanjani si mbali, lakini alikuwa akizunguka hadi barabara kuu ndipo arudi chini. Nilipomuuliza akaniambia, "Kochi, pale kisimani mimi sipiti. Walinishika, wakasema mimi ni wa upande ule." Hakuwa na kundi lolote. Alihukumiwa kwa mtaa anaolala. Chini ya begi lake, ndani ya soksi ya mpira, mlikuwa na kisu cha jikoni, mpini wake umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Aliniapia kwamba hataki kumchoma mtu, anataka tu waone anacho.

Tangu hapo sianzi na mawaidha juu ya ubaya wa kisu. Mimi huuliza: unamwogopa nani, na unapita wapi? Yule winga tulimpangia wenzake wa kuja na kurudi naye, na wazee wawili wa pale kisimani wakakubali kuketi nje saa za mazoezi. Baada ya muda kisu kilirudi jikoni kwa mamake. Genge humwendea kijana wa namna hii na kumwahidi ulinzi kabla halijamtajia pesa. Mtu mzima akiwahi kumpa ulinzi huo, genge linakosa la kumwambia.

2. Kundi huanza na jambo jema

Makundi niliyoyaona yakizaliwa hayakuanza na wizi. Moja lilikuwa timu ya mpira ya mtaa, jingine vijana wa kucheza dansi harusini. Walikuwa wakichangiana chakula, na mmoja akifiwa wanachimba kaburi pamoja. Kisha hutokea ugomvi na kundi la mtaa wa pili, mara nyingi usiku wa harusi au disko matanga. Mmoja anaumizwa, wenzake wanaapa kulipiza, na kuanzia hapo jina la timu linakuwa jina la genge.

Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwa magenge yapatayo 90 nchini ni haramu, chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010. Ilikuwa haki kuyataja. Lakini mtaani tuliona majina yakibadilika na maskani, yaani kijiwe cha vijana, ikibaki pale pale, kwa kuwa kijana anayelala na ndugu zake wanne katika chumba kimoja ataishi nje tu. Maskani hatuwezi kuifuta. Tunachoweza ni kuhakikisha haibaki ya vijana peke yao. Pale ambapo fundi cherehani, muuza kahawa na mzee wa mtaa huketi na vijana hao hao kila jioni, nimeona mipango mibaya ikikosa pa kufanyiwa.

3. Wakati wa hatari unajulikana

Hatari huwa kubwa pale mtihani umekwisha na karo ya kuendelea haijulikani itatoka wapi. Kijana anaamka hana pa kwenda, naye anaona haya kuomba nauli. Hapo ndipo anapokaribishwa muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, mwanzoni bila kulipa. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku muguka hapa Mombasa, na suala hilo likaishia mahakamani. Wazazi wengi tulifurahia hatua hiyo. Hata hivyo, marufuku haimpi kijana la kufanya kuanzia asubuhi hadi Isha. Sisi tulihamishia mazoezi na masomo ya ziada kwenye miezi hiyo ya kungoja, wakati ambao zamani tulikuwa tukifunga kwa sababu ni likizo.

Msimu mwingine ni wa uchaguzi. Vijana hukodiwa kuvuruga mikutano ya wapinzani kwa shilingi chache, kura zinahesabiwa, na aliyewakodi hapokei tena simu zao. Wao wanabaki na silaha, na mazoea ya kulipwa kwa kutisha watu. Mwanasiasa anayefanya hivyo ni mlezi wa genge kama alivyo kiongozi wa maskani, na wapiga kura tunapaswa kumwambia hivyo hadharani.

4. Siku chache baada ya mtu kukatwa ndizo zinazoamua

Kijana akikatwa, kisasi hupangwa mapema sana, mara nyingi kando ya kitanda chake hospitalini. Kwa hiyo tukipata habari tunajitahidi kufika kabla ya wenzake: mimi, ostadhi wake wa madrasa, na mjomba wake ikiwezekana. Hatumlaumu. Tunamsaidia mamake kutafuta dawa na damu, kisha tunamuuliza polepole, "Wenzako wanakusudia nini leo usiku?" Mara kadhaa jibu limetuwezesha kuwawahi. Mjomba akisema mbele ya vijana, "Huyu ni damu yangu, na mimi sitaki alipiziwe," kiapo cha maskani hupoteza nguvu.

Nilipata moyo niliposoma habari za Glasgow, mji wa Uskoti uliosifika vibaya kwa visu. Mwaka 2005 polisi wa huko walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili, kikiongozwa na Karyn McCluskey na John Carnochan. Waliuchukulia ukatili kama maradhi yanayoambukiza: unatafuta yanakoanzia, unazuia yasienee. Waliwaita vijana wa magenge mahakamani, si kushtakiwa, bali kusikiliza wazazi waliofiwa na madaktari, kisha kuambiwa wazi kwamba anayeacha atasaidiwa na anayeendelea atakamatwa. Baadaye waliweka pia watu hospitalini wa kuzungumza na majeruhi. Katika miaka iliyofuata mauaji yalipungua zaidi ya nusu. Polisi hawakuondoka barabarani, ila hawakuachiwa tena kazi hiyo peke yao.

5. Risasi humwacha mdogo wa aliyeuawa

Jirani yangu mmoja huuza viazi karai. Alikatwa mkono na vijana wa mapanga jioni moja akifunga meza yake, na vidole viwili havikunji tena, kwa hiyo binti yake ndiye anayemenya viazi. Simwambii mama huyu kwamba vijana wale ni wa kuhurumiwa tu. Anadai haki na ni yake. Aliyemkata anapaswa kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa akipatikana na hatia.

Lakini kijana anapouawa kwa risasi barabarani bila kufikishwa mahakamani, mama yule hapati haki anayoidai. Hakuna anayejua aliyemtuma kijana, wala simu aliyomwibia mama iliuzwa wapi. Nimekuwa kwenye mazishi ya namna hiyo, nikawaona wadogo wa marehemu wakimtazama kama shujaa. Kwa walio bado watoto, njia ya haki ipo: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu mtoto aliyekosa kurekebishwa kwa njia nyingine badala ya kesi. Wazazi wengi hawaijui. Mtoto wako akishikwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo na cheti chake cha kuzaliwa, na usikubali awekwe chumba kimoja na watu wazima.

6. Anayetaka kutoka lazima apate pa kutokea

Vijana huacha genge, nami nimewaona. Wengi huchoka wanapopata mtoto, au rafiki anapokufa. Kisha wanakutana na cheti cha tabia njema. Hotelini wanakitaka, bandarini wanakitaka, na kampuni za ulinzi hazimwangalii mtu asiye nacho. Mwenye rekodi ya polisi anarudishwa mlangoni, na jioni ile ile maskani inamkaribisha.

Walionusurika mikononi mwetu walichukuliwa na watu wasiouliza karatasi: fundi wa kuchomelea, mwenye tuk-tuk aliyekubali kumpa mmoja zamu ya mchana, shangazi wa Kwale aliyempokea mwingine kwa mwaka mzima hadi mtaa ukatulia. Kumhamisha kijana kwa muda kumeokoa maisha mengi kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa, kwa sababu anayeacha genge huwindwa na wenzake wa zamani, na pia na wananchi wenye hasira wanaoweza kumchoma moto.

Ninaomba mambo mawili. Serikali ya kaunti ilipe walimu wa mpira, maostadhi, wachungaji na vijana walioacha genge wafanye kazi hii kwa malipo, kama inavyowalipa wahudumu wa afya ya jamii. Kujitolea kuna mwisho, na genge halichukui likizo. La pili ni kwako msomaji mwenye karakana, duka au gari: mchukue kijana mmoja wa mtaa wako wakati bado anaogopa. Unamjua. Ni yule anayezunguka njia ndefu kurudi kwao.