Mtihani wa Nadharia wa Leseni ya Lori: Elewa Uzito, Majibu Yatafuata

Barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malaba na Busia hupita katikati ya Kaunti ya Nakuru. Usiku na mchana malori hupita Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Mau Summit yakibeba shehena ya hapa nchini na ya majirani wetu Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa kaunti hii, waliozoea boda boda au magari madogo, wanatamani kupanda daraja na kushika usukani wa lori.

Wengi wao hukwama mahali ambapo hawakutarajia. Usukani wanaumudu, gia wanazijua, lakini maswali ya nadharia yanawatoa jasho. Sababu kubwa ni kukariri. Mwanafunzi hushika orodha ya maswali na majibu, huyarudia kama shairi, kisha mtahini anapobadilisha maneno mawili tu, jibu linapotea.

Iko njia bora zaidi. Karibu kila kanuni inayomhusu dereva wa lori imetokana na jambo moja: uzito wa gari na mzigo wake. Anayeelewa uzito unavyofanya kazi kwenye mteremko, kwenye kona na kwenye breki ataweza kujibu hata swali ambalo hajawahi kulisikia. Na baada ya mtihani, maarifa hayo hayo ndiyo yatakayomrudisha nyumbani salama.

Leseni hutolewa na nani?

Kwanza, jambo linalowachanganya wakaazi wengi. Serikali ya kaunti haitoi leseni za udereva. Kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, ambayo wengi huijua kama NTSA. Mwanafunzi husomea katika shule ya udereva iliyoidhinishwa, na maombi pamoja na malipo hufanywa kupitia akaunti yake mwenyewe kwenye mtandao wa serikali.

Leseni za malori zina madaraja yake. C1 ni ya malori mepesi, C ni ya malori ya wastani, CE ni ya lori zito linalovuta trela, na CD ni ya magari mazito ya mizigo. Umri unaohitajika hupanda kadiri daraja linavyopanda, kwa hivyo mwombaji athibitishe daraja linalomfaa kabla ya kulipa karo.

Alama: soma umbo kabla ya picha

Alama za barabarani ni nyingi, lakini maumbo yake ni machache. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linaamuru. Mstatili unatoa habari. Alama ya kusimama ina pembe nane ili dereva aitambue hata ikiwa imejaa vumbi au anaiona kutoka upande wa nyuma.

Kuna alama ambazo dereva wa gari dogo huzipita bila kujali, lakini kwa dereva wa lori ndizo muhimu kuliko zote: mteremko mkali, kimo cha daraja, uzito unaoruhusiwa, barabara inayopungua upana na kona kali. Mtahiniwa azisome hizo kwanza, na kwa kila moja ajiulize, "Nikiona alama hii nikiwa na mzigo, nitafanya nini?" Kujua jina la alama ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hatua ambayo dereva huchukua.

Mwendo na umbali wa kusimama

Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa malori mazito ya biashara, na kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye vituo vya biashara. Malori ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 yakiwa matupu yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo.

Badala ya kukariri tarakimu hizo peke yake, mwanafunzi apige hesabu ndogo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori husafiri takriban mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, lori limeshakwenda mita 22 bila breki hata kuguswa. Kwa breki za hewa ongeza muda kidogo, kwa kuwa hewa nayo huchukua nafasi kusafiri kwenye mabomba hadi kufika kwenye magurudumu ya nyuma ya trela.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwashangaza wengi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki haungezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana dereva wa lori huacha nafasi kubwa mbele yake. Akihesabu sekunde nne kati yake na gari lililo mbele, kwa mwendo wa kilomita 80 anakuwa na nafasi ya karibu mita 90.

Mteremko: swali linaloua

Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400. Lori linalotoka Mau Summit kuja Nakuru kupitia Sachangwan na Salgaa hushuka zaidi ya mita 500. Nguvu zote za uzito huo unaoshuka lazima ziende mahali fulani. Zikizuiwa na breki pekee, hugeuka kuwa joto. Breki zikipata joto kupita kiasi, hupoteza uwezo wa kushika, na dereva hukanyaga bila kupata kitu.

Kwa hivyo jibu la swali la mteremko lina hatua tatu. Kwanza, dereva hupunguza mwendo na kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si akiwa katikati. Lori zito likishashika kasi, gia ndogo inaweza kukataa kuingia. Pili, huiacha injini imshikie lori. Tatu, hutumia breki kwa vipindi: anakanyaga kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha anaachilia, badala ya kuikanyagia kidogo kidogo mteremko mzima.

Kuna madereva wanaoingiza gia huru, au nyutro kama wanavyoiita, wakidhani wanaokoa mafuta. Hatari yake ni wazi: injini haishiki tena chochote, na mzigo wote unaachiwa breki. Hata ile faida ya mafuta mara nyingi haipo. Injini za kisasa zinazodhibitiwa kwa kompyuta hukata mafuta lori linapoteremka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa. Likiwa kwenye gia huru, injini huendelea kunywa mafuta ili isizime.

Wakaazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa gharama ya lori lililoshindikana kuzuilika. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia magari na watu waliokuwa kandokando ya barabara katika makutano ya Londiani, kaunti jirani ya Kericho. Zaidi ya watu 50 walifariki, wakiwemo wachuuzi na abiria. Ukuta uliojengwa katikati ya barabara huko Salgaa huzuia magari kuvamia upande wa pili, lakini hauwezi kumsaidia aliye mbele ya lori lisilo na breki. Huyo analindwa na gia iliyochaguliwa mapema.

Uzito kwenye mizani

Lori likifika kwenye mizani, kwa mfano ile ya Gilgil, halipimwi uzito wa jumla pekee. Kila ekseli au kundi la ekseli hupimwa pia. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, jumla isizidi tani 56, na hiyo ni kwa lori la ekseli saba. Ekseli ya mbele ya usukani hairuhusiwi kupita tani 8, kundi la ekseli mbili lenye magurudumu manane tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24.

Chukua lori la ekseli sita lenye trela. Hesabu ni 8 jumlisha 18 jumlisha 24, yaani tani 50. Sasa tuseme lori hilo lina jumla ya tani 47, lakini mzigo umerundikwa sehemu ya mbele ya trela hadi ekseli mbili za kichwa cha lori zikabeba tani 20. Je, liko sawa? La. Jumla haijapita kikomo, lakini kundi moja limepita kwa tani mbili. Mzigo upangwe upya. Swali la aina hii huwaangusha wanaokariri tarakimu ya 56 na kuishia hapo.

Urefu wa lori na asiyoonekana

Lori refu linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hupita ndani zaidi ya kona. Anayegeuka kushoto bila kutazama kioo cha kushoto anaweza kumponda mwendesha boda boda aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo wa barabara. Kuna sehemu nne ambazo dereva hazioni vizuri: mbele karibu kabisa na kichwa cha lori, nyuma ya trela, na ubavuni pande zote mbili, hasa kushoto.

Urefu huo huo unajibu swali la reli. Dereva haingii kwenye kivuko cha reli mpaka ahakikishe kwamba upande wa pili kuna nafasi ya kutosha lori lote, pamoja na trela.

Dereva mwenyewe

Sheria ya trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Mwenye lori akimshurutisha dereva apitishe, sheria haijabadilika. Usingizi haushindwi kwa miraa wala kwa muziki wa sauti ya juu. Dawa yake ni kusimama mahali salama na kulala.

Lori likiharibika, lisogezwe nje ya barabara ikiwezekana, taa za hatari ziwashwe, na pembetatu ziwekwe mbele na nyuma, mita 50 au zaidi kutoka kwenye gari. Matawi ya miti si pembetatu. Hayarudishi mwangaza usiku.

Kwa anayelenga kuendesha malori ya mafuta, Sachangwan inabaki kuwa somo kubwa. Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Kazi ya kwanza ya dereva katika hali kama hiyo ni kuwaondoa watu, kuzuia moto wa aina yoyote ukiwemo wa sigara, na kuita msaada.

Namna ya kujiandaa

Wanafunzi wawili au watatu wasome pamoja, mmoja akiuliza kama mtahini na mwingine akijibu kwa sauti. Mtu anaweza kujua jibu kichwani na bado akashindwa kulieleza. Kila jibu lifuatwe na swali la "kwa nini?" Kwenye ubao wa mji mdogo, mwanafunzi asisukume kigari kimya kimya. Aseme anachofanya: anatazama vioo, anaonyesha ishara, anampisha aliye kulia kwake kwenye mzunguko, anachagua njia yake.

Asubuhi moja aombe kumfuata dereva mzoefu anapokagua lori kabla ya safari: magurudumu na nati zake, taa, kipimo cha hewa ya breki, maji yanayotolewa kwenye matangi ya hewa, kamba na turubai. Atakachokigusa kwa mkono hatakisahau.

Maswali ya kujipima

1. Kengele ya hewa ya breki inalia kabla hujaondoka. Utafanya nini? Jibu: Lori halitoki. Subiri hewa ijae. Isipojaa, fundi aitwe.

2. Umeanza kuteremka na unahisi breki zinalegea. Je, uzime injini? Jibu: Hapana. Ukiizima unapoteza nguvu ya injini ya kushika lori, usukani unakuwa mzito na hewa ya breki haitengenezwi tena. Baki kwenye gia, shuka gia ikiwezekana, washa taa za hatari, piga honi na utafute mahali pa kutokea.

3. Lori ni tupu. Je, litasimama vizuri kuliko lenye mzigo? Jibu: Si lazima. Magurudumu ya lori tupu hushika barabara kwa uzito mdogo na huweza kuteleza au kuruka, hasa kukiwa na mvua.

Mwishowe, wapo mabroka wanaoahidi leseni ya lori bila mwombaji kukanyaga darasani. Anayelipa anajiweka katika hatari ya kupokea karatasi bandia na kushtakiwa. Na hata kama karatasi hiyo ingekuwa halali, haingemwambia ni gia gani aingize akiwa Mau Summit na tani 50 nyuma yake.