Upepo Unaiba Joto la Mwili

Watoto wa Katanga wanajua baridi ya asubuhi katika mwezi wa sita na wa saba. Katika nchi za mbali kaskazini, baridi hudumu miezi mingi, tena ni kali zaidi. Mwezi wa tatu na wa nne miti ya huko huanza kuchipuka. Watu hufurahi, hutoka nje kukimbia na kucheza. Lakini majira hayo ni kigeugeu: leo jua, kesho mvua ya baridi na upepo wa nguvu.

Huko Marekani, kwa desturi katika mwezi wa nne, kuna mashindano ya kukimbia kilometa 42, toka mji mdogo wa Hopkinton mpaka Boston. Yalianza mwaka 1897. Tarehe 16 Aprili 2018 joto lilikuwa digri chache tu juu ya sifuri, mvua ikinyesha sana, na upepo ukiwapiga wakimbiaji usoni. Wengi walishindwa njiani, hata mabingwa. Kwa nini?

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la digri 37 hivi. Mtu akikimbia, misuli yake hufanya joto, kama moto katika jiko. Hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto hilo, ikawa kama blanketi nyembamba. Upepo huiondoa blanketi hiyo. Mwili hufanya nyingine, na upepo huiondoa tena. Baridi ya digri 4 pamoja na upepo wa kilometa 30 kwa saa huiuma ngozi kama baridi ya digri 1 chini ya sifuri pasipo upepo.

Maji ni mwivi mkubwa zaidi. Chovya mkono mmoja katika maji, mwingine uache mkavu, kisha inyoshe yote miwili penye upepo. Utasikia tofauti mara moja. Ndiyo sababu nguo iliyolowa jasho ni ya hatari mtu anaposimama kupumzika: misuli haifanyi tena joto jingi, na nguo ingali ikilinyonya.

Siku ile ya Boston wengine walianza na fulana nyepesi zisizo na mikono, kama siku ya jua. Desiree Linden, mwanamke wa Marekani, hakuvua koti lake la mvua mpaka mwisho. Mwanzoni alijiona dhaifu, akafikiri ataacha. Basi akamwambia mwenzake, Shalane Flanagan, kwamba atamsaidia. Flanagan alipoingia msalani, Linden alipunguza mwendo akamngoja, wakalifuata kundi pamoja. Lakini wengine walichoka mmoja mmoja, na yeye akazidi kupata nguvu. Alishinda kwa saa 2, dakika 39 na sekunde 54. Si mwendo wa kasi kwa bingwa. Lakini tangu mwaka 1985 hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa ameshinda hapo.

Kwa wanaume alishinda Mjapani, Yuki Kawauchi, karani wa shule, ambaye siku hizo hakupata mshahara kwa kukimbia. Baridi hakuiogopa. Tarehe 1 Januari mwaka ule ule alikuwa amekimbia kilometa 42 huko Marshfield, si mbali na Boston, katika baridi iliyo chini sana ya sifuri. Zilipobaki kilometa chache alimpita Geoffrey Kirui wa Kenya, mshindi wa mwaka 2017.

Watu wa huko wenye akili, wakitoka kukimbia siku ya upepo, kwanza huuelekea upepo, ili warudi ukiwasukuma mgongoni, wakati nguo zina jasho. Huvaa nguo ya sufu, maana pamba ikilowa haitunzi joto. Wakifika nyumbani hubadili nguo upesi, hata kabla ya kusimulia safari yao! Na mtu akitetemeka sana, akijikwaa, maneno yake yakiwa mazito, hawamhimizi aendelee. Humpeleka ndani, humvua nguo zilizolowa, humfunika blanketi kavu na kumwita mganga.

Maulizo: Upepo unaibaje joto? Kwa nini jasho ni hatari zaidi mtu akisimama? Linden alimfanyia nini mwenzake?