Mpiga Picha Alisimama Wapi?

Muhula uliopita ilibandikwa picha moja kwenye ubao wa chumba chetu cha kusomea. Ilikuwa picha ya kijana aliyesimama juu ya ubao wake ndani ya wimbi la Hawaii. Maji yalikuwa yamempita juu ya kichwa na kuinama upande wa pili kama paa la pango, naye amenyosha mkono mmoja akiupapasa ukuta wa maji. Wadogo zetu wa madarasa ya chini walibishana mbele ya picha ile mpaka kengele ikalia. Mmoja alisema imepigwa kutoka katika helikopta, mwingine akasema katika mashua, na wa tatu, ambaye hujiona mjuzi, akasema ni kazi ya kompyuta tu. Nalimwahidi kila mmoja wao kwamba nitaandika jibu katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu. Ninyi wakubwa zetu mliokwisha kumaliza shule mtaniwia radhi ikiwa mengine mnayajua.

Jibu ni kwamba mpiga picha hakusimama mahali popote. Alikuwa akiogelea. Miguuni alivaa mapezi ya mpira, mkononi alishika kamera iliyofungiwa katika kasha lisiloingia maji, na wimbi lile lililompita kijana juu ya kichwa lilimwangukia na yeye pia mara baada ya kufyatua picha.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mtu ajitie katika taabu hiyo. Wimbi likitoka bahari kuu likafika penye maji machache, mwendo wake hupungua na kimo chake huongezeka, hata kilele kikaitangulia sehemu ya chini na kuanguka. Chini pakiinuka polepole, kilele huporomoka na kufanya povu tu. Lakini chini pakiinuka ghafula, kama pale Pipeline katika kisiwa cha Oahu ambapo mwamba umejificha karibu na uso wa maji, kilele hurushwa mbele na kuacha uwazi katikati. Uwazi huo ndio pango la picha yetu, nao hudumu sekunde chache tu. Mtu aliye ufukoni mwenye lenzi ndefu anaweza kumwona mpandaji akiingia na akitoka, ila hawezi kuona kile anachokiona mpandaji mwenyewe. Ili kukiona hicho, sharti aingie majini.

Wa kwanza kufanya hivyo kwa mafanikio alikuwa Mmarekani Tom Blake, mwogeleaji hodari na mtengenezaji wa mbao za kupandia mawimbi. Alijitengenezea kasha lake kiasi cha mwaka 1930, na mwaka 1935 picha zake za Waikiki zikatolewa katika gazeti la National Geographic. Huko California alikuwako daktari wa meno, John Ball, ambaye wenzake walimwita Doc. Yeye aliziona picha za Blake gazetini, akashikwa na hamu, akajitengenezea kasha lake, na mwaka 1946 akatoa kitabu kizima cha picha za wapanda mawimbi wa California. Napenda kufikiri juu ya daktari huyo aking'oa meno ya watu siku nzima huku akili yake iko baharini.

Taabu kubwa ya siku zile ilikuwa filamu. Hata zilipoenea kamera ndogo, mkanda mmoja ulitoa picha 36 tu, kisha mtu alilazimika kuogelea mpaka pwani, ajifute, afungue kasha, abadili mkanda, aligonge wimbi baada ya wimbi kurudi alikotoka. LeRoy Grannis, rafiki yake Doc Ball, alipata dawa ya taabu hiyo katika miaka ya 1960: alibuni sanduku la kunata juu ya ubao wake, akawa anabadili filamu papo hapo majini. Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ilianza kuuza Nikonos, kamera isiyohitaji kasha kwa kuwa yenyewe ilizibwa maji yasiingie. Asili yake ilikuwa Calypso, kamera iliyobuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya Jacques Cousteau, yule mpiga mbizi Mfaransa.

Lakini aliyekwenda mbali kuliko wote alikuwa George Greenough wa California. Huyu hakungojea mpandaji apite mbele yake. Alijifunga mgongoni kamera ya sinema pamoja na kasha alilolitengeneza mwenyewe, mzigo wa zaidi ya kilo 10, akapanda wimbi kwa magoti juu ya ubao mfupi na kuingia pangoni yeye mwenyewe. Sehemu ya mwisho ya filamu yake ya mwaka 1973, Crystal Voyager, yaonyesha hayo tu: maji yakizunguka, na tundu la nuru likifumba na kufumbua mbele.

Sasa na tulitazame kasha lenyewe, kwa maana hapa ndipo masomo yetu ya fizikia yanapopata kazi.

Mwili wa kasha huwa wa aluminiamu au wa plastiki ngumu. Mbele pana dirisha, nyuma pana kifuniko kinachokazwa kwa skrubu, na kati ya kifuniko na mwili pana mpira mwembamba wa duara, ule ambao mafundi wa magari huuita oringi. Mpira huo hulala katika mfereji wake, umepakwa grisi kidogo sana. Watu wengi hudhani ya kuwa kasha huvuja kwa sababu ya kina. Tujifunze hesabu kidogo. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, yaani karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Basi katika kina cha mita 1 tu, dirisha la upana wa sentimita 20, ambalo eneo lake ni kama sentimita za mraba 314, hubeba uzito wa kilo 31 hivi. Si haba, lakini mkandamizo huo huo huusukuma mpira ukae vizuri zaidi mahali pake. Adui wa oringi ni kitu kidogo: unywele mmoja, uzi wa taulo, chembe ya mchanga. Chembe ikilala juu ya mpira, panakuwa na njia, na maji hayahitaji njia pana. Nitarudi kwenye chembe hiyo, kwa kuwa inanihusu.

Dirisha nalo lina elimu yake. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, na kwa kuwa ndani ya kasha mna hewa, dirisha bapa likiwa chini ya maji hufanya vitu vionekane karibu zaidi, kama robo tatu ya umbali wake wa kweli, na picha hupungua upana. Kwa hiyo mwenye kutaka picha pana, mathalani kwa ile lenzi iitwayo jicho la samaki, huweka dirisha lililobenuka kama nusu ya tufe. Dirisha hilo humsaidia pia kupiga picha ambayo nusu ni chini ya maji na nusu ni angani. Likiwa dogo, mstari wa maji hupanda na kushuka na kulifunika lote. Likiwa kubwa, mtu ana nafasi ya kuuweka mstari pale apendapo.

Matone ni jambo jingine. Kamera ikitoka majini, matone hubaki juu ya dirisha na kila moja huharibu sehemu ya picha. Msicheke, lakini wapiga picha wengi hulilamba dirisha, kisha hulichovya majini na kuliinua mara tu kabla ya kufyatua. Mate huyafanya maji yatandae kama utando mwembamba badala ya kukusanyika matone matone.

Kuhusu mwendo, jihesabieni wenyewe. Mpandaji aendaye mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 13 katika sehemu ya 60 ya sekunde, na picha yake huwa ukungu. Katika sehemu ya 1,000 husogea milimita 8 tu. Ndiyo sababu hutaka jua la kutosha, na hupenda asubuhi, hasa ukivuma upepo utokao nchi kavu, ambao watu wa pwani huuita umande, kwa kuwa huusafisha uso wa wimbi na kulizuia lisianguke upesi.

Mambo hayo yote mtu huyapanga pwani. Akiisha kuingia majini hana nafasi ya kugeuza vidude. Kazi yake ni kuogelea na kuchagua mahali. Hukaa karibu na pale wimbi linapoanza kuvunjika, huhesabu mawimbi yanavyokuja kwa makundi, na mpandaji akija hunyosha mkono wenye kasha. Kwa lenzi ya jicho la samaki mpandaji asipokuwa ndani ya mita 2 huonekana mdogo kama nzi. Basi mwogeleaji humngojea mtu na ubao wenye mapezi makali wakimjia usoni, hufyatua, kisha hupiga mbizi chini ya wimbi kabla halijamchukua na kumtupa mwambani. Wengine huvaa kofia ngumu. Kasha nalo lina matata yake katika kupiga mbizi: kama lina ujazo wa lita 4 na uzito wa kilo 3, maji hulisukuma juu kwa nguvu ya kilo 1. Ni vema likimponyoka mtu, kwa kuwa halizami. Lakini wakati wa kwenda chini humvuta juu, huko huko kwenye msukosuko.

Mimi sijaiona Hawaii. Nimeliona Ziwa Tanganyika. Katika likizo ya kiangazi upepo wa kusini huvuma siku nyingine kwa nguvu, na mawimbi hufika upande wetu wa Bujumbura yakiwa na kimo cha kifua cha mtu, na vijana huteleza juu yake kwa vipande vya mbao. Nalisema moyoni, kwa nini nisijaribu? Nalichukua bakuli la plastiki lenye kifuniko cha mpira, nikakata tundu, nikabandika kioo kwa gundi. Nalilizamisha tupu katika pipa la maji usiku kucha, limewekewa jiwe juu na karatasi ndani. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Hata leo naona fahari kwa ajili ya karatasi ile.

Kamera ilikuwa ya mjomba wangu wa Buyenzi. Yeye hupiga picha za arusi, na kamera ile ndiyo iliyolisha watoto wake. Nalimwomba, akanitazama kitambo, akaniuliza, “Umejaribu kwa saa ngapi?” Nikamwambia, “Usiku mzima, mjomba.” Akanipa.

Ziwani nalifuata kila jambo, ila moja. Nikiwa bado ufukoni niliona nimesahau kubadili mwendo wa kufyatua. Nikafungua kifuniko mchangani, upepo ukivuma, nikageuza, nikafunga. Wimbi la kwanza halikuwa na neno. Katika la tatu naliona ndani ya kioo mstari mdogo wa maji ukicheza huku na huku, kama katika ile pima ya waashi. Naliogelea kwa nguvu zangu zote. Nilipofungua nalikuta chembe za mchanga juu ya mpira, nazo hazikuzidi nne.

Mjomba hakunipiga wala hakunena neno baya. Aliitoa betri, akaifuta kamera kwa kitambaa, akaiweka kivulini mbele ya feni kwa siku tano. Alisema bahati yetu ni kuwa maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, ambayo hula nyaya na vyuma upesi sana. Hata hivyo haikuamka. Jumamosi ile alikodi kamera ya mtu kwa arusi aliyokwisha kupokea fedha zake, na faida yote ikaenda kwa mwenye kamera. Nalibeba taa, nikiona haya kumtazama.

Kadi ya picha ilipona. Zilikuwamo picha 11. Kumi ni povu na vidole vyangu. Katika ile moja pana mguu wa kijana juu ya ubao, na nyuma yake wimbi limesimama kijani, jua likipenya ndani yake. Na katikati kabisa pana tone kubwa la maji, kwa kuwa siku ile nilikuwa sijasikia habari ya kulamba kioo. Mjomba aliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kisha akaniambia nisifungue tena kasha lolote isipokuwa nyumbani, juu ya meza iliyofutwa.

Wadogo zangu mliobishana mbele ya picha, mkitaka kujaribu, kwanza ingieni majini mikono mitupu, mkawaulize wavuvi mahali pasipo viboko, jambo ambalo watu wa Hawaii hawana haja ya kuliuliza. Baada ya hapo njoni kwangu, tutazame mpira pamoja. Kasha la pili limo katika pipa nyuma ya bweni tangu Jumapili, na karatasi yake ni kavu bado. Kamera ya kutia ndani sina. Deni la mjomba nalilipa kwa kubeba taa zake kila likizo, na Jumamosi ya kwanza tutakapofunga shule tuna arusi mbili.