Umepata Kiti cha Dirishani? Basi Tazama Nje

Watu hugombea kiti cha dirishani, wakishakipata wanashusha pazia na kulala mpaka Istanbul. Kama wewe ni mtu wa filamu na blanketi, waachie wengine dirisha, kaa kwenye njia uende msalani kwa raha zako. Kwa mnaobaki, vidokezo ni hivi:

1. Anza na upande. Herufi A ni kushoto. Dirisha la kulia ni F kwenye ndege ndogo, na mara nyingi K kwenye zile kubwa. Anayetoka Dar kwenda Nairobi kuunganisha ndege akae kushoto auone Kilimanjaro. Wakati wa kurudi, kulia. Mlima una mita 5,895 lakini mawingu ya mchana huumeza wote, kwa hiyo ndege ya asubuhi ina bahati zaidi.

2. Likimbie bawa. Mbele yake ni bora kuliko nyuma, maana hewa ya moto ya injini huifanya ardhi icheze-cheze kama lami saa saba mchana. Kagua pia mchoro wa viti: zipo safu ambazo "dirishani" ni ukuta mtupu.

3. Pakua ramani ukiwa nyumbani. Simu nyingi hupokea mawimbi ya setilaiti hata zikiwa hazina mtandao. Ukiisogeza karibu na kioo itakuambia mto ule ni upi.

4. Jua unachokisubiri. Ndege nyingi zinazotoka Nairobi kuelekea kaskazini hupita karibu na Ziwa Turkana. Lina urefu wa kilomita 290 hivi, kwa hiyo una kama dakika 20 za kulitazama. Tafuta visiwa vyake vitatu vya volkano. Cha katikati kina maziwa yake madogo ndani ya kreta. Baada ya hapo njia hubadilika: tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndege nyingi huikwepa anga yake. Popote zinapozungukia, jangwa haliepukiki, na hapo ndipo abiria wengi hukata tamaa mapema. Tazama mabonde makavu yalivyotawanyika, yamechimbwa na maji ya mvua inayonyesha kwa nadra. Ukiwa juu ya Misri au Saudi Arabia, unaweza kuona maduara ya kijani yaliyopangana mchangani, ya mviringo kamili. Ni mashamba! Maji hutoka katikati, na bomba refu lenye magurudumu huzunguka likimwagilia.

5. Usiku nao una mambo. Zima taa yako, jifunike kanga kichwani pamoja na kioo, subiri macho yazoee. Juu ya Ziwa Victoria, siku za giza lisilo na mwezi, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini. Misri ndiyo kiboko: miji imeng'ang'ania Mto Nile, kwa hiyo taa huuchora mto mzima, huku na huku kukiwa giza totoro.

6. Usililie upande wa jua. Upande wa pili una vyake. Mawingu yakiwa chini, tafuta kivuli cha ndege yako. Mara nyingi huzungukwa na pete ya rangi za upinde wa mvua. Jua likizama, upande wa mashariki hupanda ukanda wa buluu iliyoiva, juu yake waridi. Ule ukanda wa buluu ni kivuli cha dunia yenyewe.

7. Tundu dogo kwenye kioo si hitilafu. Husawazisha presha kati ya matabaka ya kioo na kupunguza ukungu. 

8. Picha: zima mwanga wa kamera, isogeze karibu na kioo bila kuiegemeza, maana kioo kinatetemeka.

9. Pazia lina adabu yake. Wenzako wakilala, shusha, chungulia kidogo kidogo. Kwenye Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, hakuna pazia. Kitufe hutia kioo giza na bado unaona nje. Wakati wa kupaa na kutua, mashirika mengi hutaka madirisha yawe wazi ili wahudumu waone kama kuna hatari nje. Dakika hizo hakuna wa kukusumbua, na ndizo nyumba na barabara zinapoonekana vizuri kuliko zote. Weka simu mfukoni, utazame.