Tusafishe Kioo Kwanza, Ndipo Tupime Macho

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni usafi wa kioo cha kompyuta. Siku hizi kompyuta haiko mjini tu. Iko katika ofisi ya parokia, katika zahanati, shuleni na kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Na asiye na kompyuta ana simu yenye kioo kikubwa, au televisheni sebuleni. Haya tutakayosema yanahusu vioo hivyo vyote.

Chukueni mfano wa karani anayeandika uzito wa kahawa ya wakulima. Jua la asubuhi linaingia dirishani na kupiga kioo chenye vumbi na michirizi. Tarakimu 3 anaiona kama 8. Anasogeza uso karibu, anakaza macho, na jioni kichwa kinamwuma. Anasema, "Macho yangu yamekwisha," kisha anakwenda mnadani kununua miwani asiyopimiwa. Huenda macho yake hayana kosa. Kosa ni la kioo. Lakini yuko na mwenzake mwenye ugonjwa wa macho wa kweli, ambaye kila siku analaumu kioo mpaka anachelewa kutibiwa. Wote wawili wanahitaji somo moja: tusafishe kioo kwanza, ndipo tutajua kama shida ni ya macho.

MICHIRIZI HUTOKA WAPI?

Maji yakikauka juu ya kioo, huacha nyuma kila kilichokuwa ndani yake. Maji ya kisima huacha chumvichumvi. Sabuni nyingi huacha utando. Mafuta ya vidole yakipanguswa kwa kitambaa kichafu hayatoki, bali husambaa. Kwa hiyo mwenye kumwaga maji mengi na sabuni nyingi ndiye anayepata michirizi mingi.

Huku kwetu kuna na mengine. Mbinga wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia kila mahali. Moshi wa kibatari na wa kuni huacha masizi yenye mafuta, ambayo maji matupu hayayaondoi. Kule mwambao wa Ziwa Nyasa, wadudu wadogo wa ziwani hupanda juu ya maji kama wingu la moshi, na usiku hufuata mwanga mpaka kwenye kioo. Ukiwasugua wanasagika na kuacha madoa.

VITU VINAVYOTAKIWA

Vitambaa viwili laini vya pamba, kimoja cha kulowesha na kimoja kikavu. Fulana kuukuu au khanga iliyofuliwa mara nyingi inafaa sana. Khanga mpya haifai, kwa sababu bado ina wanga na hainyonyi maji. Maji yawe safi. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza, kisha yakachujwa kwa kitambaa safi, ni mazuri kuliko ya kisima, maana hayana chumvichumvi nyingi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zimeni kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Ngojeni kioo kipoe. Kikiwa cheusi, uchafu huonekana vizuri zaidi.

2. Nawani mikono kwa sabuni na kuikausha.

3. Pangusni vumbi na wadudu kwa kitambaa kikavu, taratibu, bila kukandamiza. Mchanga ukisuguliwa hukwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki tena. Mwenye pumu afunike pua na mdomo, au amwachie mwingine kazi hii.

4. Loweshni kitambaa kidogo na kukikamua mpaka kisidondoshe hata tone. Msimwage wala kunyunyiza maji kwenye kioo chenyewe, maana yatatiririka hadi kwenye ukingo na kuingia ndani.

5. Pangusni kutoka juu kwenda chini, mkigeuza upande safi wa kitambaa kila mara. Kama kuna masizi au mafuta, tieni tone moja la sabuni ya maji ya vyombo katika kikombe cha maji, pangusni kwa maji hayo, kisha rudieni kwa kitambaa chenye maji matupu ili sabuni itoke.

6. Hapo hapo, kabla unyevu haujakauka wenyewe, kausheni kwa kitambaa cha pili. Hii ndiyo siri ya kuzuia michirizi: maji yaondolewe na kitambaa, yasiachwe yakauke juu ya kioo.

7. Subirini kama robo saa kabla ya kuwasha.

MAMBO YA KUEPUKA

Wazee wanakumbuka jinsi tulivyosafisha kioo cha taa ya chemli kwa gazeti au majivu. Kile kilikuwa kioo hasa, kigumu. Vioo vingi vya kompyuta za sasa, zile bapa, vimefunikwa na utando laini wa plastiki. Gazeti, majivu na dodoki huukwaruza. Spiriti, petroli na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zaweza kuuharibu. Kama bado mna kompyuta ya zamani yenye mgongo mkubwa, safisheni kioo chake kwa nje tu. Msiifungue kamwe, maana ndani yake umeme mkali waweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Akina mama na akina baba, hapa pana jambo kubwa kuliko kioo. Msiweke spiriti, mafuta ya taa wala dawa ya klorini ndani ya chupa ya soda. Mtoto hajui, ataona soda, atakunywa. Ikitokea, msimtapishe, maana mafuta yakipanda tena huingia kwenye mapafu. Mpelekeni kituo cha afya mara moja pamoja na chupa ile. Wala msichanganye klorini na dawa yenye amonia au na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Tena, kitambaa cha kioo si kitambaa cha uso. Ugonjwa wa macho mekundu na trakoma huenezwa kwa mikono na vitambaa vya kuchangia. Kifueni, kikauke juani, na kiwe na kazi hiyo moja tu.

KIOO KIKO SAFI, JE, MACHO?

Sasa kaeni mbele ya kioo safi, umbali wa mkono ulionyooshwa, dirisha likiwa ubavuni, si mbele wala nyuma yenu. Funikeni jicho moja, msome, kisha jingine. Halafu tazameni mti ulio mbali.

Kama mnaona vizuri, tatizo lilikuwa kioo. Hata hivyo pumzisheni macho: kila baada ya dakika 20 tazameni mbali kidogo na kupepesa kope, kwa sababu mtu akitazama kioo hupepesa mara chache na macho hukauka.

Kama mna umri wa miaka 40 au zaidi na maandishi ya karibu yanawasumbua, mara nyingi ni macho ya ukubwa, yanayosaidiwa na miwani iliyopimwa. Kama ukungu uko kwenye kila kitu, hata kwenye uso wa mtu, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Jicho likiuma sana na taa ikazungukwa na duara za rangi, au mkipoteza kuona ghafla, msingoje kesho. Na mtoto mwenye weupe ndani ya mboni apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Anzeni kwenye zahanati iliyo karibu, au ulizeni huduma ya macho katika hospitali kama ya Litembo au ya Liuli. Kitambaa kuukuu na maji kidogo vinatosha kwa kioo. Jicho linahitaji mtaalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini maji mengi na sabuni nyingi huleta michirizi?
2. Nyumbani kwetu spiriti, mafuta ya taa na klorini vinakaa wapi? Mtoto anaweza kuvifikia?
3. Ni nani kati yetu anayelalamika kila siku kwamba haoni vizuri, naye hajapimwa bado?